Baba Mmoja, Mama Watatu: Kwa Nini Nyumba ya Bonanza Haikuwa na Mwanamke

Ukitaja bonanza Dar es Salaam leo, utaulizwa ni la wapi na timu ngapi zinashiriki. Kwetu neno hilo limeshakuwa la michezo ya mwisho wa wiki: mpira wa asubuhi, kuvuta kamba, kukimbia na magunia, supu, na muziki mpaka jua lizame. Limetufikia kwa njia ya Kiingereza, lakini kwao ni Uhispania, na maana yake ya awali ni ya mabaharia: bahari kutulia, hewa kuwa njema. Mtu wa pwani ana neno lake la kale kwa hali hiyo, shwari. Wachimba madini wa magharibi ya Marekani wakalichukua neno la mabaharia wakalishusha mgodini. Umechimba miezi hupati kitu ila mawe, kisha siku moja sururu inagonga mwamba uliojaa madini ya fedha. Hiyo ndiyo bonanza.

Mwaka 1959 televisheni ya NBC ya Marekani iliuita hivyo mfululizo wake mpya wa kauboi. Ulianza kuonyeshwa tarehe 12 Septemba mwaka huo na ukafungwa tarehe 16 Januari 1973, baada ya misimu 14 na sehemu zaidi ya 400. Kati ya hadithi za kauboi zilizorushwa na mitandao mikubwa ya televisheni ya Marekani enzi ile, ni Gunsmoke pekee, iliyokwenda misimu 20, iliyodumu kuliko huu. Na kwa misimu mitatu mfululizo, kuanzia 1964 hadi 1967, hakuna kipindi kilichotazamwa na Wamarekani wengi zaidi.

Kilisifiwa kuwa kipindi cha familia, cha kutazamwa na baba, mama na watoto sebuleni bila mtu kuona haya. Hapo ndipo fundo lilipo. Familia iliyokuwa ndani ya kioo haikuwa na mama. Haikuwa na dada, shangazi wala bibi. Ilikuwa nyumba ya wanaume watupu, na kila mwanamke aliyekaribia kuingia humo kama mke alikufa au aliondoka. Nimelifikiria jambo hili kwa muda mrefu, na naamini ukilifungua fundo hili moja, Bonanza nzima inafunguka nalo.

Tuanze na nasaba. Baba ni Ben Cartwright, mwenye ranchi ya Ponderosa kando ya Ziwa Tahoe, mpakani mwa Nevada na California. Ana wana watatu. Wa kwanza ni Adam, mtulivu, msomi, mvaaji nguo nyeusi. Mama yake Elizabeth, binti wa nahodha wa New England, alifariki akimzaa. Wa pili ni Hoss, pandikizi la mtu lenye moyo laini. Mama yake Inger, Mswidi, aliuawa kwa mshale familia ikiwa safarini kuelekea magharibi. Wa tatu ni Joseph, ambaye wote humwita Little Joe, yaani Joe Mdogo, kijana wa hasira za karibu na machozi ya karibu. Mama yake Marie, mwanamke wa New Orleans, alirushwa na farasi akafa. Kila mama alipewa sehemu yake ya kusimuliwa, moja moja, kati ya 1961 na 1963.

Kwa hesabu yetu ya Kiswahili, kila mmoja wa vijana hawa ni mtoto pekee ambaye mama yake alimzalia Ben. Ni ndugu wa baba mmoja, na hakuna asiyejua kwetu maneno hayo yana uzito gani. Hadithi nyingi tunazozijua za watoto wa baba mmoja na mama mbalimbali zinaishia kwenye ugomvi wa shamba. Waislamu na Wakristo wanamkumbuka Yakobo na wanawe kumi na wawili waliozaliwa na mama wanne, na Yusufu aliyetupwa kisimani na kaka zake. Mimi siwezi kusikia jina la Joseph, mwana wa uzeeni anayependwa na baba, bila kuikumbuka nyumba ile. Ila Ponderosa ndugu hawatupani kisimani. Wanapigana ngumi, wanavunja kiti, wanasutana mpaka usiku, na mtu wa nje akimgusa mmoja anawakuta wote watatu mlangoni.

Mapatano hayo yalihitaji mtu wa kuyashika, na ndiye aliyekuwa shabaha ya David Dortort, mtunzi na mtayarishaji wa mfululizo huu. Dortort, mzaliwa wa Brooklyn, alichoshwa na namna televisheni ya miaka ya 1950 ilivyomchora baba. Katika vichekesho vya wakati ule baba alikuwa mtu wa kuchekwa: anapotea, anachoma chakula, anadanganywa na watoto, na mama ndiye anayekuja kurekebisha. Alitaka kumrudisha baba kwenye kiti chake, awe mtu wa kuheshimiwa na pia wa kupendwa. Njia aliyoichagua ni kali: akamwondoa mama kabisa. Mama angekuwapo, mtoto mwenye jeraha angekimbilia kwake. Asipokuwapo, jeraha, homa, aibu na penzi lililovunjika vyote vinapelekwa kwa Ben. Ikabidi Ben awe baba na mama. Katika kipindi cha kauboi, mahali ambapo mwanaume alitarajiwa kuongea kwa bastola, watazamaji wakaona mzee wa mvi amekaa kando ya kitanda cha mwanawe mtu mzima, amemshika mkono, anasubiri homa ishuke.

Huyo Ben aliigizwa na Lorne Greene, Mkanada wa Ottawa, aliyekuwa msomaji wa habari wa redio ya CBC wakati wa Vita vya Pili vya Dunia. Sauti yake nzito, ambayo wasikilizaji wa Kanada walikuwa wameizoea ikiwaletea habari za majeruhi na meli zilizozama, ndiyo iliyokuwa sauti ya baba. Ilihitajika, maana miaka haikumsaidia. Greene alizaliwa 1915 na Pernell Roberts, aliyemwigiza Adam, alizaliwa 1928. Baba alimzidi mwana miaka 13 tu. Dan Blocker, aliyemwigiza Hoss, naye ni wa 1928. Michael Landon, yaani Joe, alizaliwa 1936. Ukiwaona mezani huoni miaka 13. Unaona baba na wanawe, na hiyo ni kazi ya sauti na heshima ambayo waigizaji wale walimpa Greene kwa namna walivyomtazama akiongea.

Mwanzoni Ben hakuwa mpole hivyo. Katika sehemu za kwanza akina Cartwright ni watu wa kufukuza wageni kwenye ardhi yao kwa bunduki. Greene mwenyewe alilipinga hilo, akasema watu wenye mali kiasi kile wanapaswa kuwa na mlango wazi. Waandishi walimsikiliza, na nyumba ikafunguliwa. Naona hilo ndilo badiliko kubwa kuliko yote yaliyofanyika katika miaka 14.

Mke aingie, wiki ijayo akae wapi?

Kukosekana kwa mama kunaeleweka, basi. Lakini kwa nini hata wachumba wa wana walikufa?

Sisi tuliokulia kwenye mabanda ya video tulikuwa na sheria moja ya picha za kauboi: stelingi hafi. Atapigwa risasi ya bega, ataburutwa na farasi jangwani, lakini dakika ya mwisho atasimama. Bonanza inaifuata sheria hiyo, kisha inaongeza nyingine isiyotamkwa: anayempenda stelingi ndiye anayekufa. Mmoja anaugua ugonjwa usio na dawa, mwingine anapatwa na risasi isiyokuwa yake, mwingine anapanda gari la farasi na kurudi kwao. Mashabiki wa Marekani waliiita laana ya akina Cartwright.

Chanzo cha laana hiyo ni jinsi televisheni ilivyofanya kazi. Mwaka 1959 mtu hakuwa na namna ya kurekodi kipindi nyumbani. Aliyekosa, amekosa. Kwa hiyo kila sehemu ilipaswa ijitosheleze: ianze, ichemke na iishe ndani ya saa moja pamoja na matangazo. Tena sehemu hizo baadaye ziliuzwa kwa vituo vingine, ndani na nje ya Marekani, na kituo kingeweza kuzirusha kwa mpangilio wowote. Hadithi ya namna hii haiwezi kubeba badiliko. Joe akioa Jumapili hii, Jumapili ijayo mkewe yuko wapi? Akiwapo, mwigizaji mpya lazima alipwe kila wiki, na hadithi zote za Joe kupenda zimekufa hapo hapo. Asipokuwapo, watu watauliza. Mwandishi anayetaka penzi la kweli, lenye machozi, na anayetakiwa kuirudisha nyumba ilivyokuwa kabla ya saa kuisha, anabaki na milango miwili tu: kaburi au safari.

Hata nguo zilifuata utaratibu huo. Baada ya misimu ya mwanzo, akina Cartwright walivaa nguo zilezile kila wiki: Ben fulana yake ya ngozi isiyo na mikono, Hoss kofia yake ndefu nyeupe, Joe koti lake la kijani, Adam weusi wake. Hakukuwa na umaskini hapo. Mtu akivaa vilevile siku zote, picha za farasi wakikimbia zilizopigwa mwaka jana zinaweza kutumika mwaka huu, na mtu wa kuanguka badala ya mwigizaji anaweza kuvalishwa na asitambulike kwa mbali. Wakati ulisimama Ponderosa kwa sababu kuusimamisha kulikuwa nafuu.

Aliyeumia zaidi na wakati uliosimama ni Pernell Roberts. Alitoka jukwaani, kwenye michezo ya kuigiza ya Shakespeare, na alilalamika waziwazi kwamba mwanaume mwenye miaka zaidi ya 30 hawezi kuendelea kumwomba baba ruhusa ya kila jambo wiki hadi wiki. Kwa msomaji wa Kiswahili lalamiko hili halisikiki kama lilivyosikika kwao. Kwetu mtu mzima kumwomba baba ruhusa na baraka si kupungukiwa. Hata hivyo, Roberts alikuwa na haki upande mmoja: Adam hakukua. Baraka huombwa ili mtu aende mahali, na Adam hakuwa akienda popote.

Katika msimu wa 1963 hadi 1964 walijaribu kumfungulia mlango. Waandishi wakamleta mjane mwenye mtoto wa kike, Laura Dayton, achumbiwe na Adam, waoane, na Roberts aondoke kwa heri. Wakamleta pia binamu, Will Cartwright, aliyeigizwa na Guy Williams, kuziba pengo. Kisha Roberts akakubali kubaki msimu mmoja zaidi. Ghafla harusi ikawa haitakiwi, na bibi harusi yupo. Laura akafanywa ampende Will, wakaondoka pamoja. Ukiitazama mfululizo, unaiona hadithi ikipindwa mbele ya macho yako kwa sababu ya mkataba wa mwigizaji mmoja. Mwaka uliofuata Roberts aliondoka kweli, na Adam hakupewa hata sehemu ya kuaga. Alitajwa tu kuwa yuko mbali.

Rangi na duka la televisheni

Kuna swali jingine: kwa nini kipindi hiki hakikufutwa mapema? Msimu wa kwanza hakikung'ara. Kiliwekwa Jumamosi saa moja na nusu usiku, kikishindana na Perry Mason ya CBS, televisheni pinzani, hadithi ya wakili iliyopendwa mno. Na mwaka ule televisheni ya Marekani ilikuwa imefurika kauboi, hadithi karibu thelathini kwa wiki. Nyingi zilifutwa bila kuacha jina.

Bonanza iliokolewa na rangi. NBC ilimilikiwa na RCA, na RCA ilikuwa ikitengeneza televisheni za rangi. Seti yake ya kwanza ya mwaka 1954 iliuzwa dola 1,000, na watu hawakuinunua kwa wingi kwa sababu iliyo wazi: vipindi vya rangi vilikuwa vichache. Kampuni iliyouza kioo ikahitaji kitu cha kuonyesha ndani ya kioo. Bonanza ikawa kauboi ya kwanza ya saa moja kupigwa yote kwa rangi tangu sehemu ya kwanza. Ziwa Tahoe halikuchaguliwa bure: maji ya buluu kali, misonobari ya kijani, milima yenye theluji. Mtu aliyesimama mbele ya dirisha la duka la televisheni aliona ziwa lile kabla hajajua akina Cartwright ni akina nani. Wazanzibari, ambao televisheni yao ilianza moja kwa moja kwa rangi mwanzoni mwa miaka ya 1970, wanaweza kuwasimulia Waswahili wengine jinsi kioo cha rangi kilivyokuwa kitu cha kuitia watu barazani.

Mwaka 1961 kipindi kilihamishiwa Jumapili saa tatu usiku, kwa udhamini wa magari ya Chevrolet, na hapo kikapata watu wake. Jumapili usiku ni saa ya nyumba nzima kuwa pamoja kabla ya wiki kuanza.

Utangulizi wake unastahili kutazamwa polepole. Ramani ya karatasi ya kizamani inajaza kioo, imechorwa na msanii Robert Temple Ayres: Virginia City, Carson City, Reno, ziwa, na jina Ponderosa katikati. Halafu linatokea doa. Doa linageuka weusi, weusi unafunguka, moto unaila karatasi kutoka katikati kwenda kingoni, na ndani ya shimo la moto wanaonekana wapanda farasi wanakuja mbio, farasi wa Joe akiwa yule wa mabaka meusi na meupe. Mshale wa kaskazini kwenye ramani ile umeinama upande, maana bila hivyo miji isingekaa mahali pake. Na Reno, iliyoandikwa pale kwa herufi kubwa, ilianzishwa 1868, miaka mingi baada ya hadithi kuanza. Sioni kosa la kuwalaumu. Ramani ile inaonyesha nchi ambayo watu wa Jumapili usiku walitaka iwepo.

Magogo ya Ponderosa

Nchi halisi, hata hivyo, ilikuwapo, na ina habari zake.

Mwaka 1859, miaka mia kabla ya kipindi, yaligunduliwa madini ya fedha mengi ajabu karibu na pale palipokuja kuitwa Virginia City. Hazina ile ikaitwa Comstock. Mwamba wake ulikuwa mpana na usioshikamana, ukiuchimba unakuporomokea. Mwaka 1860 mhandisi Mjerumani, Philip Deidesheimer, alibuni njia ya kuujaza mgodi kwa fremu za magogo zilizoungwa kama masanduku, moja juu ya jingine na moja ubavuni mwa jingine, kadiri wachimbaji wanavyosonga. Watu wakaacha kufukiwa. Lakini mbinu hiyo ilikula miti kama moto wa ile ramani. Mwandishi wa habari wa Virginia City, Dan De Quille, aliandika kwamba Comstock ni kaburi la misitu ya milima ya Sierra. Misitu iliyolizunguka Ziwa Tahoe ilikatwa karibu yote kabla ya karne kwisha, na sehemu kubwa ya msitu unaouona huko leo ni miti iliyoota baadaye.

Waandishi wa Bonanza walizijua habari hizi. Deidesheimer alipewa sehemu yake katika msimu wa kwanza. Na sehemu ya kwanza kabisa ya mfululizo inahusu magogo: wenye migodi wanataka miti ya Ponderosa, Ben hataki kuitoa kwa masharti yao, basi wanamtumia mwigizaji wa kike, Lotta Crabtree, kumvuta Joe mjini ili wamshike. Lotta alikuwa mtu wa kweli, ingawa mwaka ule wa fedha alikuwa mtoto wa miaka 11. Tangu siku ya kwanza, kwa hiyo, mti na mwana wa mwisho vimewekwa kwenye mzani mmoja. Baba anayekataa msitu wake ukatwe ni baba ambaye historia haikumpata pale. Napenda kwamba walimtunga.

Siwezi kusema hivyo kuhusu ardhi yenyewe. Tahoe ni nchi ya Wawasho, waliokuja kando ya ziwa lile kila kiangazi kuvua samaki na kukutana, kwa vizazi visivyohesabika. Jina Tahoe limetokana na neno lao lenye maana ya ziwa, kwa hiyo kusema Ziwa Tahoe ni sawasawa na sisi tunavyosema Ziwa Nyasa: ziwa ziwa, mgeni ameuliza hiki nini, akajibiwa, akaandika. Majirani zao Wapaiute walipigana na walowezi kwenye Ziwa Pyramid mwaka 1860, na wakalishinda vibaya jeshi la kwanza la kujitolea lililotumwa dhidi yao. Bonanza ilivisimulia vita hivyo katika msimu wake wa kwanza, na mara nyingi iliwatetea wenyeji dhidi ya walowezi wenye chuki. Lakini swali la mwanzo, ekari laki sita za akina Cartwright zilikuwa za nani kabla, halikuulizwa mezani kwa Ben.

Mezani pale palikuwa na mtu mwingine. Nimesema nyumba haikuwa na mama, lakini kazi za nyumba hazikujifanya. Chakula kilipikwa na Hop Sing, mpishi Mchina, anayeingia na sinia, anagomba kwa sauti ya juu kwamba chakula kinapoa, kisha anarudi jikoni. Ndiye anayejua Hoss anakula kiasi gani na ni nani hajala tangu jana. Ukiuliza nafasi ya mama ilikwenda wapi baada ya Ben kuchukua sehemu yake, nyingine ilikwenda jikoni kwa Hop Sing, na hakupewa heshima iliyoendana nayo. Victor Sen Yung, aliyemwigiza, alizaliwa San Francisco na Kiingereza kilikuwa lugha yake. Alitakiwa kukivunjavunja ili watu wacheke. Wachina wa kweli wa Nevada walijenga reli, walipika, walifua, walikata kuni za migodi, na mwaka 1882 Marekani ikapitisha sheria ya kuwazuia wafanyakazi wenzao wasiingie nchini. Hop Sing alipata sehemu chache za kwake katika miaka 14. Ninapoziangalia naona mwigizaji aliyekuwa na mengi zaidi ya kutoa.

Hoss

Mwanzoni mwa 1964 Dan Blocker, Greene na Landon walikuwa wamealikwa kutumbuiza Jackson, Mississippi. Habari zikawafikia kwamba watazamaji weusi na weupe wangetenganishwa. Blocker akajitoa, akisema hawezi kusimama mbele ya hadhira iliyogawanywa, na wenzake wakajitoa pia. Meya wa Jackson aliwahimiza watu wake waache kuitazama Bonanza. Roberts, ndani ya kipindi na nje, alikuwa akisema mambo hayo hayo, na 1965 alikwenda Alabama kushiriki maandamano ya Selma, ya kudai haki ya watu weusi kupiga kura. Nakumbusha hili kwa sababu watu hudhani kipindi cha familia ni kipindi kisichogusa jambo. Wanaume wale walikuwa na mikataba ya kulinda, na walijua kusini mwa nchi kuna mamilioni ya wateja wa Chevrolet.

Blocker alikuwa Mteksasi, mwalimu kwa taaluma, mtu mkubwa ambaye farasi wa kawaida alionekana mdogo chini yake. Hoss ndiye aliyekuwa moyo wa nyumba. Baba anaamuru, Joe analipuka, Hoss anasimama katikati yao mikono imening'inia, anatafuta neno. Tarehe 13 Mei 1972 Blocker alifariki ghafla kwa donge la damu lililokwenda kwenye mapafu, siku chache baada ya upasuaji wa kawaida wa kibofu cha nyongo. Alikuwa na miaka 43.

Utaratibu wote niliouelezea, wa kuirudisha nyumba ilivyokuwa kabla ya saa kuisha, haukuwa na jibu kwa hili. Wachumba wangeweza kufa na wiki ijayo ikaanza upya, kwa sababu hakuna aliyewazoea. Hoss alizoewa na nchi nzima kwa miaka 13. Hawakumtafuta mtu mwingine wa kuvaa kofia yake. Walikubali kwamba amekufa, jambo ambalo televisheni ya wakati ule ilikuwa haijazoea kulifanya.

Msimu wa mwisho ulifunguliwa Septemba 1972 kwa hadithi ambayo Michael Landon aliiandika na kuiongoza mwenyewe. Alikuwa ameiandika Blocker akiwa hai, na bwana harusi alikuwa Hoss. Baada ya msiba Landon akaiandika upya, akajiweka yeye. Joe anaoa. Safari hii harusi inafungwa kweli, nyumba inajengwa, mke anapata mimba. Halafu mke anauawa na nyumba inachomwa. Ni laana ileile ya miaka yote, lakini mwigizaji analia kilio ambacho si cha hadithi peke yake, na kila aliyekuwa akitazama alijua kinamlilia nani.

Kipindi kilikuwa kimehamishiwa Jumanne. Novemba NBC ikakifuta, na Januari 1973 ikarushwa sehemu ya mwisho, nayo pia ya Landon. Hakuna karamu wala kuagana. Karibu muda wote ni Joe peke yake porini, bila farasi, bila bunduki, akiwindwa na mwanajeshi aliyerukwa na akili.

Mwaka uliofuata Landon, sasa ana miaka 37, alirudi kwenye NBC ileile na watu wengi waliofanya naye kazi Ponderosa: wapiga picha, waandishi, mafundi. Alikuwa mtayarishaji na mwongozaji, na alijipa nafasi ya baba. Kipindi kiliitwa Little House on the Prairie, kisa cha familia ya kweli ya walowezi, na kingedumu mpaka 1983. Kinapoanza tunawaona wakihama: gari la kukokotwa na farasi, watoto wa kike nyuma, hatamu mikononi mwa Landon, na ubavuni pake amekaa mkewe, Caroline, mzima.